Shahidi wa Nguzo ya Tatu

Maktaba ya mji ilikuwa na nguzo nne, na Mzee Chumvi alikuwa na hadithi tano kwa kila nguzo. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza, hata kama shida yake ilikuwa kuuliza choo tu, hakutoka kabla hajaambiwa jinsi mlango mkubwa wa mbele ulivyokuja mjini kwa miguu yake, wapagazi kumi na wawili wakiwa chini yake kama kobe mwenye miguu ishirini na minne. Aliambiwa pia kwamba vipandio vya nje vilikuwa sita, na cha sita kikaibwa na mtu ambaye mpaka leo hajapata nyumba ya kukiweka. Na mwisho, kwa sauti ya chini, aliambiwa habari za mamba aliyesahauliwa chini ya sakafu siku tangi la maji lilipofunikwa. Mamba huyo, kwa kukaa jirani na vitabu miaka yote hiyo, sasa anajua kusoma, ila mashairi yanamchosha.

Watu walicheka wakaenda zao. Hakuna aliyemwita mwongo. Walimwita Chumvi, kwa sababu alitia chumvi hata kwenye saa: ukimuuliza saa ngapi alikujibu saa nne na robo, halafu akakueleza nani aliichelewesha hiyo robo.

Lakini tangi lilikuwepo kweli. Jengo lile lilianza maisha yake likiwa ghala la pamba, la tajiri mmoja aliyeogopa kiu kuliko wezi. Alijenga kuta nene za mawe na chokaa, akasimamisha nguzo nne zenye matao matatu juu yake, na mbele ya nguzo akaacha ua wazi. Maji ya paa lote yaliteremka kwenye tangi la mawe lililochimbwa chini ya ua huo, refu kwenda chini kama watu watatu waliopandana mabegani. Pamba ilipokwisha, serikali ililichukua ghala likawa mahakama. Hakimu hakupenda kulowa akihukumu, kwa hiyo ua ukaezekwa na tangi likafunikwa: boriti kumi na moja zililazwa kutoka upande wa nguzo mpaka upande wa madirisha, juu yake mawe bapa, juu ya mawe chokaa, na miaka iliyofuata saruji. Kati ya waliobeba chokaa ile kichwani alikuwemo Mzee Chumvi mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa na nywele zote. Mahakama nayo ikahama. Vikaja vitabu, akabaki yeye: kwanza fundi mwashi, kisha mlinzi wa jengo, kisha mstaafu asiyejua kukaa nyumbani. Binti yake wa pekee alikuwa amekuwa mkutubi mkuu wa maktaba hiyo, iliyokuwa na wakutubi wawili.

Asubuhi hii Mzee Chumvi hakuwa na hadithi. Alikuwa juu ya ngazi, kwenye bega la nguzo ya tatu, pale tao linapoanza kupinda.

Mahali hapo palikuwa na ufa, na juu ya ufa palikaa shahidi. Ndivyo mafundi wa zamani walivyokiita kipande cha kioo cha dirisha, upana wa vidole viwili, kinachobandikwa kwa plasta kuvuka ufa, kikakwaruzwa tarehe kwa msumari. Kioo hakina subira. Ukuta ukisogea unywele mmoja, kinakatika. Kila miezi mitatu mkutubi mkuu aliandika kwenye daftari la nyufa neno moja, "mzima", akatia sahihi, na halmashauri ya mji ikalala usingizi. Shahidi wa nguzo ya tatu alikuwa mzima kwa miaka minane mfululizo.

Sasa alikuwa amekatika katikati. Na huyu hakuwa wa miaka minane. Alikuwa na wiki mbili.

Wa kwanza alikatika kweli miaka minane nyuma, mwezi wa mvua. Binti alikuwa na siku sita tu kazini, bado anakikalia kile kiti cha ofisi kwenye ukingo kama mtu aliyekiazima. Barua ya halmashauri ilikuwa ukutani, wazi kabisa: shahidi akikatika, jengo lifungwe na vitabu vihamishiwe mji wa jirani. Mzee alipanda ngazi peke yake, akabandika kioo kipya, akakikwaruza tarehe ya zamani, akashuka. Alijiambia atasema mvua zikiisha. Mvua ziliisha. Akakatika wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, na binti aliyeogopa ngazi tangu utotoni aliuliza kutoka chini, "Mzima, baba?" naye akajibu kutoka juu, "Mzima, mwanangu." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa hakuuziba wala ukuta hakuujenga. Alimnyamazisha shahidi tu.

Huyu alikuwa wa nane. Na mikono ya mzee, kwa mazoea ya miaka minane, ilikuwa na kasi kuliko kichwa chake. Kabla hajawaza chochote vidole vilishabandua vipande, vikavitia mfuko wa shati, vikafuta plasta ya zamani kwa kitambaa, vikatoa kioo kipya kilichokatwa tayari. Alikuwa anakoroga plasta kwenye kifuniko cha kopo wakati wapagazi chini walipotua rafu ya kumi.

Ngazi ilitetemeka. Kutoka kwenye ufa lilitoka vumbi jeupe, si kwa kudondoka, bali kwa kupulizwa, kama mtu aliyeshusha pumzi, likamtua kwenye kifundo cha mkono. Aliijua chokaa ile. Alisukuma ncha ya penseli kwenye ufa. Wiki mbili zilizopita hata kucha ilikataa kuingia. Penseli iliingia mpaka kwenye jina la kiwanda.

Aliangalia chini. Rafu za chuma zilikuwa kumi na nane, zawadi kutoka mbali, na vitabu elfu sita vya kuzijaza. Kumi zilishasimama katikati ya ukumbi, juu ya tangi barabara, na kati ya rafu hizo alisimama binti yake na karatasi mkononi, akielekeza hii huku, ile kule. Mlangoni viti vilikuwa vimepandanishwa vikisubiri. Saa nane mchana wangeingia wageni mia mbili wa uzinduzi.

Saa hiyo ilikuwa tatu na nusu.

Mzee alishuka na plasta ikikauka kwenye kifuniko. Alimwendea binti, akamwambia awasimamishe wapagazi, watoe rafu zote, na watu wote watoke. Binti aliendelea kusoma karatasi yake. Akamuuliza kulikoni.

"Tangi," alisema mzee. "Boriti zimechoka. Sakafu inakwenda chini na nguzo inaifuata."

Mpagazi mkuu, mwanamume mwenye kifua kama mlango, ambaye mji mzima ulimwita Winchi, alikuwa amesimama pale na sanduku la kamusi begani. Aliuliza kama mamba ameshapewa taarifa ya kuhama, maana sheria inataka siku thelathini. Wapagazi wakacheka. Binti naye alitabasamu, tabasamu la mtu mwenye mambo mia, akamshika baba yake kiwiko.

"Baba, leo hapana. Kesho nitakaa nawe, unihadithie mpaka jioni."

"Si hadithi hii."

"Zote huwa unasema si hadithi."

Hapo mzee alipaswa kusema habari za vioo. Neno lilifika kwenye meno likageuka. Kusema kungekuwa kumwambia binti mbele ya wapagazi kwamba sahihi zake thelathini na mbili kwenye lile daftari, kila moja, alizitia kwenye uongo wa baba yake. Angefukuzwa kwa sahihi hizo. Akasema tu kwamba anajua anachokisema, na hilo kwa mtu wa aina yake halikuwa na uzito wa unyoya.

Mhandisi wa halmashauri aliingia kutoka nje alikokuwa akipima baraza. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye penseli mbili, moja kila sikio. Alikuja kutia sahihi kwamba jengo linafaa kupokea wageni. Alimsikiliza mzee kwa adabu kuliko wote, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana adabu ile ilikuwa ya kumsikiliza mgonjwa. Akafungua michoro juu ya meza ya kuazimia vitabu. Ilichorwa siku mahakama ilipogeuzwa maktaba, na pale penye tangi paliandikwa neno moja: saruji. Akaenda mlangoni, akagonga sakafu kwa kisigino mara tatu. Ililia kama mwamba.

Mzee alimwambia pale mlangoni kweli ni mwamba, agonge katikati. Mhandisi alisema saruji ni nene, kisigino hakingemwambia kitu. Kisha akasema yeye hutegemea shahidi, si kisigino, na akaomba daftari la nyufa. Binti alilileta. Mhandisi alishusha kidole kwenye ukurasa: mzima, mzima, mzima. Miaka minane. Alisema majengo mapya ya halmashauri hayana rekodi safi kama hiyo.

Mzee Chumvi alikitazama kidole kile juu ya ukurasa. Maisha yake yote alisema uongo wa kuchekesha na hakuna mtu aliyeuamini. Uongo mmoja tu usiochekesha ndio uliopigwa muhuri, na sasa ndio uliokuwa ukimkaba. Nyuma yake rafu ya kumi na moja ilitua. Hakuna aliyesikia chochote ila yeye. Kule juu kwenye nguzo ya tatu punje za chokaa zilidondoka tena, zikasikika kama mchele unaochaguliwa.

Mhandisi alichukua ngazi akasema atapanda kumwona huyo shahidi mwenyewe, halafu atie sahihi. Alipanda, akakaa juu kwa muda, akauliza bila kugeuka, "Kioo kiko wapi?"

Mzee alitia mkono mfukoni, akatoa vipande viwili, akavionyesha kwenye kiganja.

"Umekitoa wewe?"

"Nilikitoa kimeshakatika."

"Kimekatika lini?"

"Kati ya jana na leo."

Mhandisi alishuka polepole. Uso wake wa adabu ulikuwa umefungwa. Alimwambia mkutubi, si mzee, kwamba mtu kubandua shahidi siku ya ukaguzi, kisha akaja na hadithi kwamba sakafu inazama, ni jambo la kusikitisha. Wazee wengine hawapendi kuona kazi yao ya zamani ikibadilishwa kwa rafu mpya. Binti aliinamisha macho kwa aibu ya kumwonea baba yake aibu. Winchi hakucheka safari hii. Alisema kwa upole, mzee wangu, njoo ukae nje upate upepo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee Chumvi alikwenda kwenye chumba cha mifagio, akasogeza ndoo, akatoa kopo la biskuti lililoota kutu pembeni. Alirudi akaliweka juu ya daftari lililofunguliwa, akatoa kilichomo kimoja kimoja, akivipanga kama karata. Vioo saba, kila kimoja vipande viwili. Upande wa mbele vyote vilikuwa na tarehe moja, ya miaka minane iliyopita. Aliwageuzia upande wa nyuma. Kila kimoja kilikuwa na tarehe yake ya kweli, siku kilipokatika.

"Hakuna shahidi wa miaka minane," alisema. "Kuna saba hawa, na wa mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwabadilisha. Mkutubi hakujua. Aliandika nilichomwambia."

Binti alichukua kioo cha kwanza, akakisoma nyuma, kisha akafungua daftari ukurasa ule, akaweka kidole juu ya sahihi yake. Akafanya hivyo kwa cha pili. Kwa cha tatu aliacha.

"Hii ni wiki niliyojifungua," alisema. "Ulikuja hospitalini na daftari. Ukaniambia nitie tu, mzima, nisijisumbue."

Mzee alisogeza kopo pembeni.

"Wale watoto wa darasa la kusoma," binti aliendelea, kwa sauti ileile. "Kila Jumamosi. Huwa nawaketisha hapo katikati, kwa sababu pana mwanga."

"Najua."

"Ulijua."

Alikirudisha kioo mezani kwa uangalifu mkubwa, kama ndicho pekee ambacho hakijavunjika.

Mhandisi alikuwa ametoa penseli zote mbili. Alisema ameelewa, lakini sasa yuko pabaya kuliko mwanzo. Mtu mmoja amekiri kusema uongo miaka minane na papo hapo anataka aaminiwe neno. Vioo vyaweza kukatwa kwa nyundo, tarehe zaweza kukwaruzwa jana. Kufunga jengo saa nne kabla ya wageni kwa ajili ya kopo la biskuti, angewaeleza nini wakubwa wake?

"Usiniamini mimi," alisema mzee. "Bandika wewe mwenyewe. Plasta hii inashika kwa dakika ishirini. Kisha ongeza uzito kidogo, uangalie."

Mhandisi alifikiri. Aliamuru wapagazi wote watoke mpaka barazani, na hilo peke yake mzee alilishukuru kimoyomoyo. Akapanda na kioo kipya na plasta iliyokorogwa upya, akakibandika kwa mkono wake, akakwaruza tarehe na saa. Walisubiri, yeye juu, baba na binti chini, upande huu na ule wa meza. Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko ile miaka minane. Nje wapagazi walinong'ona kama waliofika msibani.

Plasta iliposhika, mhandisi alisema lisukumwe toroli moja la vitabu mpaka katikati, basi. Winchi alijitokeza, akashika mpini. Mzee Chumvi akamwondoa mkono.

"Wewe una kilo mia na ushee bila kamusi," alimwambia. "Mimi nina mifupa na maneno tu."

Toroli lilikuwa limejaa masanduku manne ya kamusi. Alilisukuma kutoka mlangoni, gurudumu moja likilia wii, wii, akipita kati ya rafu tupu. Sakafu ya mlangoni aliijua kwa nyayo: mwamba. Hatua saba. Ya nane, nyayo zake zilisikia tofauti, kitu kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Aliendelea. Alifika katikati akasimama.

Kwa kitambo hakikutokea kitu. Aliona uso wa mhandisi kule juu, ukikaribia kioo. Akawaza kwamba labda kweli amezeeka, labda chumvi imemwingia mpaka kichwani, na alikuwa karibu kulitamani hilo.

Kioo kilisema ti. Sauti ndogo, kama kucha inapokatwa.

"Kimekatika," alisema mhandisi, na sauti yake haikuwa na adabu tena wala kitu kingine, ila hofu. "Mzee, usitikisike."

Chini ya miguu ya mzee kitu kiliguna, kirefu, kikavu. Rafu mbili ziliegemeana. Kati ya toroli na mlango sakafu ilifanya mstari, mstari ukawa mdomo, na kutoka mdomoni ilipanda harufu ya maji yaliyofungiwa muda mrefu. Njia aliyoingilia ilikuwa imekufa. Vumbi lilijaa ukumbini, asione nguzo wala meza. Alijua boriti ziko kumi na moja, alijua zimelala kuelekea madirishani, alizibeba kichwani mwake miaka hamsini, na sasa hakujua hata moja iko wapi.

Ndipo aliposikia sauti ya binti yake, si ya mkutubi. Ilikuwa ile ya mtoto anayedai mwisho wa hadithi kabla hajakubali kulala.

"Baba. Ile boriti iliyoombwa radhi."

Mzee aligeuza kichwa kuelekea sauti ile.

"Ile ya saba," alisema binti. "Ya mti mweusi. Ulinihadithia nilipougua surua. Ile ya kwanza ilipasuka mkaletewa nyingine, ikawashinda wanaume wanane, ikakataa kubebwa mpaka iombwe radhi kwa kukatwa. Ikakubali kwa sharti."

"Sharti," alisema mzee.

"Ilazwe mahali pa kuona dirisha. Dirisha lipi?"

Nusu ya hadithi hiyo ilikuwa chumvi. Lakini mti ulikuwa mweusi kweli, na wanaume walikuwa wanane kweli, na siku ile yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha akila, akaona kichwa cha boriti kikija moja kwa moja kwake mpaka akainua miguu.

"La pili," alisema.

"La pili kutoka wapi?"

"Kutoka mlangoni."

"Basi liko kushoto kwako, hatua moja na nusu, halafu mbele. Naliona nikiwa hapa, huku vumbi ni jepesi. Nitaongea usikie. Toroli liache."

Akaongea. Hakusema la maana, alihesabu tu hatua, na pale alipoona mguu wa baba yake ukipinda alisema kushoto kidogo, baba, kushoto. Mzee aliweka wayo, akaukandamiza, akausikiliza kabla hajauamini. Chini ya mstari ule palikuwa pagumu. Nyuma yake toroli lilijiinamia lenyewe, likateleza kama mtu anayeingia mtoni, na masanduku manne ya kamusi yakaenda chini. Muda ulipita kabla maji hayajapokea. Alifika dirishani, akalishika kwa mikono miwili. Winchi alikuwa ameshazunguka nje. Alimtoa kama anavyotoa sanduku la kawaida.

Barazani, alikokuwa ameshatoka pamoja na mhandisi, binti alikuwa na daftari kifuani. Hakumkumbatia. Aliliweka juu ya viti vya wageni, akaandika saa, akaandika, "Shahidi amekatika," akatia sahihi. Kisha akamgeuzia baba yake kalamu.

"Na wewe," alisema. "Safari hii tutie wote."

Mzee Chumvi, aliyesema maneno mengi kuliko mtu yeyote katika mji ule na hakuwahi kutia sahihi hata moja kwenye daftari lile, aliandika jina lake taratibu.

Jengo lilifungwa siku hiyohiyo. Wageni walipokewa kwenye vipandio, vyote vitano. Binti alipata barua ya halmashauri: alivuliwa ukuu, akabaki mkutubi wa pili, akaazimisha vitabu kwa miezi tisa kutoka kwenye meza ya barazani chini ya turubai. Wiki nyingi alimjibu baba yake kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Mzee alikuja kila asubuhi, akabeba masanduku, akakaa mbali kidogo.

Mwezi wa tatu mafundi walipofukua sakafu, mji mzima ulikuja kuangalia. Boriti zilikuwa kumi na moja. Kumi kati ya hizo zilikuwa zimeoza vichwa, upande ule zinapokalia ukingo wa nguzo, kiasi cha kumeguka kwa vidole. Ya saba, nyeusi, ilikuwa nzima, ikitazama dirisha la pili. Chini kulikuwa na maji ya kimo cha mtu, toroli, na kamusi zilizovimba.

Winchi alichungulia kwa muda mrefu, akainuka amenuna. Alimgeukia Mzee Chumvi akamuuliza, mbele za watu wote, mamba yuko wapi sasa.

Watu walisubiri. Mzee alifungua mdomo, akaangalia upande wa meza ya barazani, akaufunga.

"Amehama," alisema binti, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu alichokuwa akigonga muhuri. "Mlimtupia masanduku manne ya kamusi bila hodi. Wewe ungekaa?"